Kuchagua Kamera ya Kwanza ya DSLR na Kuanza Kuitumia

Mtu anayenunua kamera yake ya kwanza ya DSLR (kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilishwa) leo anaingia sokoni wakati unaompendelea mnunuzi. Canon na Nikon zimehamishia nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo ndani, na DSLR mpya za mwisho kutangazwa na kampuni hizo mbili ni za mwanzoni mwa mwaka 2020. Wapiga picha wengi wanaoishi kwa kazi hii wamehama pamoja nazo, na vifaa walivyoviacha, ambavyo bado ni vizima na vina uwezo mkubwa, vinauzwa kwa sehemu tu ya bei yake ya awali. Mwongozo huu unamlenga mtu anayenunua kwa fedha zake mwenyewe, iwe Kariakoo, katikati ya Nairobi au kwa muuzaji aliyempata mtandaoni, na anayetaka hasa kupiga picha za watu: familia, harusi, ubatizo, maulidi, mahafali. Msimamo wake ni kwamba bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, iwe ya kawaida, fedha ziende kwenye lenzi, na muda uende kwenye kujifunza namna mwanga unavyouangukia uso wa mtu.

Fahamu kwanza chombo chenyewe

Ndani ya DSLR kuna kioo kilichowekwa kwa mshazari nyuma ya lenzi. Mwanga unaopita kwenye lenzi hugonga kioo hicho, hupanda juu na kufika kwenye dirisha dogo la kutazamia, ndiyo maana unachokiona pale ni kitu chenyewe wala si picha ya skrini. Ukibonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia la shata hufunguka, na mwanga hufika kwenye kihisio, yaani kile kipande cha elektroniki kilichochukua nafasi ya filamu.

Mpangilio huo una faida moja ambayo sisi tunaoishi na umeme wa kukatika tunaithamini sana: kwa kuwa skrini si lazima iwake muda wote, betri hudumu. Nikon D3500 ya mwaka 2018 imekadiriwa na watengenezaji wake kupiga picha 1,550 kwa chaji moja, kiasi kinachotosha harusi nzima kuanzia nyumbani kwa bibi harusi hadi ukumbini. Una upungufu mmoja pia. Dirisha la kutazamia halikuonyeshi kama picha itatoka na mwanga mwingi au hafifu, na kwa hiyo mwenye DSLR hana budi kujifunza kusoma kipima mwanga. Nitalirudia jambo hili kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalowashinda wengi.

Kihisio cha DSLR nyingi za bei nafuu ni cha ukubwa unaoitwa APS-C, ambao kwa Nikon ni takriban milimita 23.5 kwa 15.6, na kwa Canon hupungua kidogo. Zipo kamera zenye kihisio kikubwa cha milimita 36 kwa 24, ila bodi zake ni nzito zaidi na lenzi zake ni ghali, hivyo si za kuanzia. Kuhusu megapikseli, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, muuzaji atakazozitaja kabla ya kitu kingine chochote, hesabu ni rahisi: ukurasa wa A4 uliochapishwa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi unahitaji megapikseli kama 8.7 tu. Kamera yenye megapikseli 18 inakaribia kabisa kutoa A3 kwa ubora huohuo. Usilipe shilingi ya ziada kwa ajili ya kutoka 18 kwenda 24.

Hatua ya 1: Chagua kampuni, kisha bodi

Lenzi ya Canon haiingii kwenye bodi ya Nikon, na ya Nikon haiingii kwenye Canon, kwa hiyo unapochagua bodi unachagua familia nzima ya vifaa. Kigezo bora cha kuchagua kati ya hizo mbili hakimo kwenye vipeperushi vya matangazo: ni kile wanachokitumia watu wako wa karibu. Ikiwa kaka yako, rafiki yako au mpiga picha wa mtaani kwenu ana Canon na yuko tayari kukuazima lenzi siku ya shughuli, nunua Canon. Kampuni nyingine zipo, lakini katika miji yetu mafundi, betri na lenzi za kununua mkononi hupatikana zaidi kwa hizi mbili.

Kwa upande wa Nikon, bodi za D3300, D3400 na D3500 zote zina megapikseli 24 na ni nyepesi. D5600 huongeza skrini ya kugusa inayogeuzwa pande zote, na D7100 au D7200 ni imara zaidi na zina magurudumu mawili ya kurekebishia mipangilio. Kwa Canon, 700D ya mwaka 2013 bado ni chombo cha heshima, 750D na 200D ni bora kuliko hiyo, na 250D ya mwaka 2019 ni nzuri sana ukiipata kwa bei ya haki. Canon 2000D hufanya kazi na huuzwa ikiwa mpya madukani, lakini kwa fedha hizohizo ningependelea 700D au 750D iliyotunzwa. Canon 4000D sikushauri kuinunua kabisa, kwa kuwa hata sehemu ya kufungia lenzi imetengenezwa kwa plastiki.

Anayetarajia kurekodi video zenye sauti ya hotuba au kaswida aangalie tundu la kuchomekea maikrofoni kabla ya kulipa. D3500 na 2000D hazina tundu hilo. 700D, 200D, 250D na D5600 zinalo.

Jambo jingine linalowachanganya wanunuzi ni majina. Canon huipa kamera moja majina tofauti kulingana na soko, hivyo 700D iliyotoka Marekani itaandikwa Rebel T5i na iliyotoka Japani itaandikwa Kiss X7i, ingawa ni kamera ileile. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Japani huweza kuwa na lugha chache kwenye menyu, kwa hiyo iwashe na uhakikishe kuwa ina lugha unayoisoma. Chaja zake hazina tatizo, kwa sababu chaja za kampuni hizi hupokea umeme wa volti 100 hadi 240. Kinachohitajika ni plagi tu.

Hatua ya 2: Tenga fedha ya lenzi

Bodi huuzwa mara nyingi ikiwa na lenzi ya milimita 18-55. Ni lenzi ya kufaa kuanzia, kwani upande wa 18 huchukua sebule nzima na upande wa 55 hutosha kwa picha ya uso na mabega. Itafute yenye herufi VR kwa Nikon au IS kwa Canon, maana herufi hizo huonyesha kwamba lenzi ina mtambo wa kupunguza mtikisiko wa mikono. Kampuni zote mbili zimetoa lenzi za 18-55 zisizo na mtambo huo, zinazofanana kwa sura na zile zenye mtambo, nazo huwekwa kwenye vifurushi vya bei ya chini.

Udhaifu wa lenzi hii ni tundu lake la kupitishia mwanga. Ukivuta hadi 55, tundu kubwa kuliko yote unayoweza kupata ni f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi), na hiyo haitoshi ukumbini usiku wala ndani ya nyumba yenye taa moja. Kwa hiyo lenzi ya pili, ambayo ningependa uinunue mapema hata kama itakulazimu kushuka daraja moja la bodi, iwe isiyovutwa na yenye tundu la f/1.8. Tundu la f/1.8 hupitisha mwanga unaokaribia mara 10 ya ule unaopita kwenye f/5.6, na hakuna bodi itakayokupa tofauti kubwa namna hiyo kwa gharama hiyo.

Mwenye Canon anunue EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015. Kwenye kihisio cha APS-C lenzi hiyo huona kama ingeonavyo ya milimita 80 kwenye kamera ya kihisio kikubwa, jambo linalopendeza sana kwa picha za uso mmoja au watu wawili, ila katika chumba kidogo utajikuta umegandana na ukuta. Mwenye Nikon anunue AF-S DX 35mm f/1.8G, ambayo huona kwa upana unaofanana na jicho linavyoangalia kwa utulivu. Hapa pana mtego unaowanasa wengi: bodi za Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kusogezea fokasi, yaani ya kuifanya picha iwe kali, na kwa hiyo lenzi za zamani zenye herufi AF-D, ikiwamo 50mm f/1.8D inayouzwa kwa bei ya kuvutia, zitakulazimu ufanye fokasi kwa mkono daima. Lenzi ziwe na herufi AF-S. Zile za AF-P nazo ni nzuri kwa D3400, D3500 na D5600, lakini bodi kongwe kama D3100 na D3200 haziwezi kufanya nazo fokasi.

Wapo wanaohofu kuwa fedha ya lenzi za DSLR itapotea kwa kuwa teknolojia imehama. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Canon inauza adapta ya kufunga lenzi za EF na EF-S kwenye kamera zake mpya za R, na Nikon ina adapta ya FTZ kwa kamera zake za Z, inayoziruhusu lenzi za AF-S kuendelea kufanya fokasi zenyewe.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kulipa

Nenda mchana, nenda na memori kadi yako na, ukiweza, kompyuta ndogo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika ukikaa naye nusu saa. Anayekuharakisha amekupa jibu tayari.

Anza na lenzi, kwa sababu ndipo madhara ya hali ya hewa yetu yanapojificha. Ivue kwenye bodi, washa tochi ya simu, imulike kutoka upande mmoja huku ukitazama kutoka upande wa pili kwa mshazari. Vumbi kidogo si hoja. Unachokitafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba zilizotanda kama utando wa buibui, au madoa yenye mizizi. Kuvu huota kwenye unyevunyevu, na vifaa vilivyokaa miaka mingi Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar bila kutunzwa huwa na kuvu mara nyingi. Kinapokomaa hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na hata fundi akikisafisha alama hubaki. Usinunue lenzi yenye kuvu hata kwa bei ya kutupa.

Kwenye bodi, tazama pini za dhahabu zinazogusana na lenzi, kisha pini za ndani ya nafasi ya memori kadi, zisiwe zimepinda. Funga lenzi, weka tundu la f/16, piga picha ya anga jeupe au ukuta mweupe, halafu ikuze kwenye skrini. Madoa ya kijivu yaliyofifia ni vumbi juu ya kihisio na husafishika. Mikwaruzo yenye kingo kali haisafishiki. Kisha piga picha nyingine ukiwa umefunika lenzi kwa kifuniko chake, kwa kasi ya sekunde chache, uone kama kuna vinukta vya rangi vinavyong'aa gizani. Viwili vitatu si tatizo, lakini kundi lake ni sababu ya kuiacha kamera hiyo.

Baada ya hapo uliza shata imefanya kazi mara ngapi. Shata za bodi za kuanzia hukadiriwa kuhimili mizunguko kama 100,000, na ingawa nyingi hupita hapo, kamera iliyokwisha kupiga 90,000 haiwezi kuuzwa bei moja na iliyopiga 8,000. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya kila picha, na programu ya bure iitwayo ExifTool huisoma. Canon nyingi haziiandiki kwenye picha, na huhitaji programu maalumu na waya wa kuunganisha kamera na kompyuta. Mwisho jaribu kila kitufe, kila gurudumu, flashi ya juu, fokasi ya nukta za pembeni na si ya katikati peke yake, na mlango wa betri. Linganisha namba iliyochapwa chini ya bodi na ile iliyo kwenye boksi, na udai risiti yenye namba hiyo, kwani kamera ni moja ya vitu vinavyoibwa sana.

Kama unanunua mpya, kataa vifurushi vya zawadi vyenye vichujio vya plastiki, lenzi za kubandika mbele na stendi ya miguu mitatu inayoyumba. Gharama yake imo ndani ya bei, nawe hutavitumia. Omba badala yake betri ya pili halisi.

Hatua ya 4: Kadi na betri

Memori kadi bandia zimejaa. Kadi inaweza kujitangaza kuwa na GB 64 kumbe ina 8, na ikijaa huanza kuharibu picha bila kukuonya. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux na Mac huijaza kadi yote na kuisoma upya, na kukupa jibu lisilo na shaka. Nunua kadi mbili za GB 32 badala ya moja ya GB 64, ili ikiharibika moja usipoteze shughuli nzima. Betri bandia nazo hupungua nguvu upesi na nyingine huvimba ndani ya kamera mpaka zikagoma kutoka.

Hatua ya 5: Iandae kamera nyumbani

Chaji betri hadi ijae. Funga mkanda wa shingoni na uuvae kila unapoishika kamera. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalijui: pembeni ya dirisha la kutazamia kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha uoni. Tazama maandishi yaliyo chini ndani ya dirisha, si mandhari, na uzungushe mpaka maandishi yawe makali. Mtu ambaye hakufanya hivyo huweza kudhani kwa miezi kwamba kamera yake haina fokasi.

Weka tarehe na saa sahihi, futa kadi kwa kutumia menyu ya kamera yenyewe, na uchague ubora wa picha wa RAW pamoja na JPEG. Faili la RAW huhifadhi karibu kila kitu ambacho kihisio kimekipokea na huruhusu marekebisho mengi baadaye. Canon na Nikon hutoa programu za bure za kuyafungua mafaili hayo, na darktable nayo ni ya bure.

Jifunze pia kubadilisha lenzi bila woga. Zima kamera, simama mahali pasipo na upepo, elekeza uwazi wa bodi chini ili vumbi lisidondokee ndani, linganisha alama ya lenzi na ya bodi, na uzungushe mpaka usikie imejifunga. Usiguse kioo cha ndani kwa kidole wala kitambaa.

Hatua ya 6: Nguzo tatu za mwanga

Mwanga wa picha hutawaliwa na vitu vitatu. Tundu la lenzi huamua upana wa njia ya mwanga, na namba yake huenda kinyume na mazoea, kwa kuwa f/1.8 ni tundu kubwa na f/16 ni dogo. Tundu kubwa hufifisha mandhari ya nyuma na kuuacha uso peke yake ukiwa mkali. Dogo huweka karibu kila kitu wazi. Kasi ya shata huamua mwanga unaingia kwa muda gani, kuanzia sekunde 30 hadi 1/4000 ya sekunde. ISO huamua ishara ya kihisio ikuzwe kiasi gani, na ikipandishwa sana huleta chengachenga kwenye picha.

Vitu hivi hubadilishana kwa hesabu ya maradufu. Mtiririko wa matundu ni 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16, na kila ngazi hupunguza mwanga kwa nusu. Kwa hiyo picha ya ISO 200, f/5.6 na 1/250 ina mwanga sawa na ya ISO 200, f/4 na 1/500. Upo pia mfano wa kale wa kukariri: chini ya jua kali, kwa f/16, kasi iwe sekunde moja igawanywe kwa namba ya ISO. Kwa ISO 100 hiyo ni takriban 1/125, ambayo ni sawa na 1/1000 kwa f/5.6.

Usianze na mpangilio wa M, ambapo tundu na kasi unavichagua wewe mwenyewe, ingawa utaambiwa ndio wa wataalamu. Anza na A kwa Nikon au Av kwa Canon, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua kasi. Weka ISO ijipange yenyewe, ukomo ukiwa 3200. Jukumu lako ni kuangalia kasi iliyochaguliwa: kwa watu waliotulia isishuke chini ya 1/125, na kwa watoto wanaokimbia au wachezaji ngoma isishuke chini ya 1/500. Ikishuka, fungua tundu au pandisha ISO. Picha yenye chengachenga bado ni picha. Iliyotikisika haina tiba.

Kwa fokasi, izuie kamera isichague yenyewe. Weka nukta moja, iweke juu ya jicho la mtu lililo karibu nawe, bonyeza kitufe nusu mpaka usikie mlio, panga picha yako, kisha maliza kubonyeza.

Hatua ya 7: Uso mweusi na kanzu nyeupe

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Kipima mwanga cha kamera hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu, nacho hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kikichukulia kwamba ukichanganya kila kilichomo kwenye picha utapata kijivu cha kati, na hupanga mwanga ili jibu liwe hivyo. Ukimpiga bwana aliyevaa kanzu nyeupe akiwa amesimama mbele ya ukuta wa chokaa, kamera huona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, na huupunguza. Kanzu hutoka kijivu, na uso wa mwenye kanzu, ambao tangu mwanzo ulirudisha mwanga kidogo kuliko kanzu, huzama gizani hadi macho yasionekane. Ukimpiga mtu mweusi kwa karibu akiwa mbele ya pazia jeusi, kamera hufanya kinyume: huongeza mwanga mpaka ngozi ikapauka na kupoteza rangi yake ya kweli.

Kihisio chenyewe hakina lawama. Zama za filamu hali ilikuwa nyingine, kwani maabara za rangi zilisawazishwa kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha za wanawake weupe, na ngozi zetu zililipa gharama. Kihisio cha leo kinaweza kuihifadhi ngozi nyeusi pamoja na kitambaa cheupe katika picha moja, mradi mwenye kamera akiamuru.

Amri hiyo hutolewa kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwenye Nikon kiko karibu na kitufe cha kupigia, na kwenye Canon nyingi za kuanzia kiko nyuma na kimeandikwa Av pamoja na alama hizo. Kishikilie huku ukizungusha gurudumu. Kwa mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, anga au dirisha, ongeza +1 na utazame; mara nyingine utahitaji +1.7. Kwa uso mweusi unaojaza picha mbele ya giza, punguza -0.7 au -1. Kisha washa onyo la kumetameta kwenye skrini, linaloonyesha sehemu zilizoungua kwa mwanga. Ikimeta anga nyuma ya bibi yako, iache imete. Ikimeta kanzu au paji la uso, punguza namba hiyo kidogo.

Zoezi la kuielewa hatua hii ni la jioni moja. Mwombe ndugu akae barazani, mpige picha akiwa amevaa nguo nyeupe, kisha nyeusi, kisha kanga yenye rangi nyingi, kila vazi kwa 0, +1 na -1. Zilinganishe kwenye kompyuta ukiwa naye mwenyewe karibu, uutazame uso wake halisi. Ukifika harusini, ambako shela jeupe na suti nyeusi husimama bega kwa bega, utaanza kwa kuulinda weupe wa shela usiungue, halafu utazinyanyua nyuso kwenye faili la RAW.

Hatua ya 8: Tafuta mwanga mwema

Karibu na ikweta jua la mchana husimama utosini. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri, kwa sehemu kubwa ya mwaka, huangusha kivuli cheusi machoni na chini ya pua. Mwanga wa ubavuni huja baada ya jua kuchomoza na kabla ya kuchwa, nao haudumu, kwa kuwa kwetu giza huingia upesi. Fika mahali mapema, umeshaandaa kila kitu.

Shughuli nyingi hata hivyo hufanyika mchana, na dawa yake ni kivuli kilicho wazi: kibaraza, mlango, upande wa nyumba usio na jua. Mgeuze mtu atazame nje kwenye mwanga. Mwembe huvutia kila mpiga picha, lakini majani yake hupitisha vipande vya jua na kuzitia nyuso ukijani. Kibaraza chenye sakafu nyeupe ni bora zaidi, maana sakafu hurudisha mwanga juu na kujaza macho. Ndani ya nyumba, zima taa, mkalishe mtu kando ya dirisha. Flashi ya kamera iache imelala, kwa sababu humulika paji la uso na kuacha jasho liking'aa. Na kabla ya kumwelekezea mtu usiyemjua lenzi, mwombe ruhusa.

Hatua ya 9: Itunze dhidi ya unyevu na chumvi

Usiihifadhi kamera kwenye begi lake kabatini, kwani begi hushika unyevu. Nunua chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka ndani vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu, na kipimo kidogo cha unyevu kama kinapatikana. Unyevu ukae kati ya asilimia 40 na 50. Silika inayobadilika rangi ni bora, maana hukuonyesha ilipojaa maji, na ile inayoruhusiwa kutumika tena huanikwa kwa moto mdogo wa oveni ikarudi kazini. Itoe kamera mara kwa mara na uitumie.

Ukitoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi kuingia kwenye joto la pwani, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, ili mvuke usigande kwenye lenzi. Ukitoka ufukweni, futa bodi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa vizuri, kisha kwa kikavu. Vumbi la lenzi lipulizwe kwanza kwa pampu ndogo ya mpira, kabla kitambaa hakijaligusa, kwa sababu chembe ya mchanga ikiburutwa hukwaruza. Kihisio kikichafuka usikipulizie kwa mdomo. Mpelekee fundi aliyezoea kazi hiyo, na umwombe akupigie picha ya ukuta mweupe kwa f/16 mbele yako kabla hujaondoka.